Modemu imegoma: kutafuta tatizo la 4G kwenye kompyuta ya mkononi ya Linux

Kifaa kikiwa juu ya meza yangu hapa Mbuyuni, Moshi, kinashika 4G bila shida. Mwenyewe akipanda nacho Kibosho, kabla hajamaliza kutuma faili la kwanza kinazima. Akishuka mjini kinawaka kama vile hakijawahi kuumwa. Kijana huyu anapima maji ya mfongo (mfereji wa umwagiliaji wa Wachaga) na kutuma vipimo kila jioni, kwa hiyo si mchezo. Aliniletea mara tatu. Mara mbili za mwanzo nilimjibu kama anavyojibiwa kila mtu: "Huko juu mtandao ni mbovu, mdogo wangu." Nilikosea, na mbele nitaeleza nilikosea wapi.

Kompyuta hizi ndogo za Linux, kuanzia uConsole na PinePhone hadi maboksi ya kujitengenezea yenye Raspberry Pi ndani, zimeanza kuonekana Moshi na Arusha, na malalamiko ya modemu, ile kadi ya ndani inayoshika mtandao wa simu, ni yaleyale. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu ya kawaida zaidi inatangulia. Amri zote zinategemea ModemManager na NetworkManager, programu za Linux zinazosimamia modemu na miunganisho ya mtandao.

Mambo mawili kabla hujagusa kitu. La kwanza, usifanyie majaribio laini yako ya M-Pesa au ya kazini. Sajili laini ya pembeni, weka bando dogo, hiyo ndiyo ya kuumia nayo. La pili, kaa kwenye Wi-Fi na chomeka chaji. Nimeona mtu anatafuta kifurushi cha `modemmanager` akiwa njiani, bila intaneti, ili apate intaneti.

Modemu haionekani kabisa

Unaandika `mmcli -L` na unajibiwa `No modems were found`. Wengi hapa hukimbilia kuisakinisha Linux upya. Tulia, andika kwanza `lsusb`, inayoorodhesha vifaa vya USB. Modemu ya SIMCom SIM7600 hujitambulisha kwa namba `1e0e:9001`, na Quectel EG25-G iliyomo kwenye PinePhone ni `2c7c:0125`. Namba ikiwepo, modemu iko hai na tatizo ni la programu. Isipokuwepo, tatizo ni la umeme au la waya, na kusakinisha upya mara kumi hakutasaidia.

Kama haipo kwenye `lsusb`, sababu inayoongoza ni kwamba haijawashwa. Kwenye uConsole yenye CM4 (bodi ya Raspberry Pi Compute Module 4) modemu haijiwashi yenyewe; inasubiri amri `uconsole-4g-cm4 enable`, na baada ya hapo ipe nusu dakika. Ukizima kifaa na kukiwasha, unaanza tena, isipokuwa umeiweka amri hiyo kwenye huduma za kuwaka. Kwenye PinePhone fungua mfuniko wa nyuma: kuna safu ya vibonyezo vidogo sita, na cha kwanza ndicho cha modemu. Kucha ya mtoto inatosha kukisogeza bila wewe kujua.

Inayofuata ni kiunganishi kilicholegea. Zima kifaa, toa betri, kandamiza kadi ya modemu mpaka ikae sawa, na kagua kebo bapa kama kifaa chako kinayo. Vumbi la barabara ya shamba huingia kila mahali.

Baada ya hapo soma `sudo dmesg | tail -40`. Ukiona kifaa cha USB kinaingia na kutoka, kinaingia na kutoka, huo ni umeme mdogo. Ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya kuzima ghafla hapo chini.

Kama ipo kwenye `lsusb` lakini `mmcli` haiioni, hakikisha huduma inaendesha: `systemctl status ModemManager`. Halafu itazame namba tena. Ikiwa ni `1e0e:9011` badala ya `9001`, mtu aliibadilisha modemu iwe kama kadi ya mtandao wa waya, na `mmcli` haitakuwa na kazi nayo kama ulivyotarajia. Kuirudisha unaituma `AT+CUSBPIDSWITCH=9001,1,1` kupitia mlango wake wa amri, ambao kwenye SIM7600 huwa `/dev/ttyUSB2`. Simamisha ModemManager kwanza, maana programu mbili kwenye mlango mmoja ni fahali wawili kwenye zizi moja.

Draiva ni sababu adimu. `lsmod | grep -e option -e qmi_wwan` ikirudi tupu huku unatumia keneli uliyojijengea mwenyewe, hapo kosa unalijua.

Simama hapa: modemu ikiwa ya moto mkononi na bado haipo kwenye `lsusb`, ondoa umeme. Hiyo ni kazi ya fundi wa bodi mwenye mita na hadubini. Kuichomeka "mara moja tena tuone" ndiko kunakomaliza na bodi kuu.

Modemu ipo, laini haisomi

`mmcli -m any` inasema `failed`, na chini yake `sim-missing`. Natumia `any` kwa makusudi. Modemu ikizimika na kurudi hubadilishiwa namba, iliyokuwa 0 inakuwa 1, na watu hudhani imekufa kumbe wanaulizia nyumba iliyohama.

Mara nyingi laini imegeuzwa au haijasukumwa mpaka mwisho. Zima, toa, futa sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, rudisha, washa. Modemu nyingi hazitambui laini iliyoingizwa kifaa kikiwa kimewaka. Kisha itie laini hiyo kwenye simu ya kawaida. Isiposoma huko pia, nenda duka la huduma la mtandao wako ukabadilishiwe, na ubebe namba yako ya NIDA, kwa sababu watahitaji alama za vidole.

Ikiandika `locked`, inadai PIN. Fungua kwa `mmcli -i 0 --pin=` ukimalizia na PIN yako; hiyo 0 ni namba ya laini inayoonyeshwa na `mmcli -m any`. Hapa hakuna kubahatisha: PIN ikikosewa mara 3 laini inadai PUK, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa moja kwa moja. Mimi huondoa PIN kabisa kwa kutumia simu, kisha ndiyo naihamishia kwenye kompyuta.

Sababu ya tatu inauma. Dada mmoja wa Sakina aliniletea PinePhone ambayo "ilikataa laini zote". Tundu la PinePhone ni la laini ya micro. Yeye alisukuma nano ikiwa uchi, bila fremu yake, ikapita ndani, na wakati wa kuivuta ikakunja pini. Kwa kioo cha kukuzia unaziona: pini sita, mbili zimesimama kama masikio ya punda. Fremu ile ya plastiki inayokuja na laini, ambayo sote tunaitupa, ndiyo ingemwokoa. Usijaribu kuzinyoosha pini kwa sindano. Zikikatika, tundu zima linabadilishwa kwa hewa moto, na si kila fundi simu analiweza.

Laini inasoma, lakini inatafuta mnara tu

Hali ni `searching`, na dakika kumi baadaye bado ni `searching`. Anza na `nmcli radio wwan on`, kisha `rfkill list`. Ni aibu ndogo ambayo wote tumeipata: hali ya ndege ilikuwa imewashwa.

Kisha weka laini ileile kwenye simu, simama palepale. Simu ikikosa mtandao nayo, ni eneo. Huku kwetu ardhi yenyewe inachangia. Ukiwa ukingoni mwa korongo la mto Karanga unaona Moshi yote, ukishuka chini kwenye migomba unabaki bila kitu. Simu ikishika vizuri, usilaumu mnara tena, rudi kwenye kifaa chako.

Sababu ya kawaida kwenye kifaa ni antena. Modemu ya SIM7600 ina viunganishi vitatu vidogo vya duara: MAIN, AUX na GNSS. Vinafanana kama mapacha. Antena ya simu ikikaa kwenye GNSS, ambako ni kwa ajili ya kupokea setilaiti, modemu husikia kwa mbali sana au isisikie kabisa. Mara moja nimekikuta hivyo kifaa kilichozungushwa kwa mafundi wawili Arusha mjini kabla yangu. Soma maandishi madogo kwenye kadi, tumia tochi. Bonyeza kiunganishi wima mpaka usikie "tik". Usifungue na kufunga kwa kujifurahisha, kwani viunganishi hivi hutengenezwa kustahimili takribani mara 30 tu. Na usiiwashe modemu itume bila antena.

Pima nguvu kwa `AT+CSQ`, kupitia mlango uleule wa amri. Jibu huanzia 0 hadi 31, na 99 maana yake hajui. Zidisha kwa 2, jumlisha na hasi 113, umepata dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Yaani 10 ni hasi 93, inafanya kazi. Chini ya 5 ni kuhangaika.

Antena ikiwa sawa, fanya uchunguzi ninaoupenda kuliko yote:

`mmcli -m any --3gpp-scan --timeout=300`

Huchukua dakika kadhaa, kunywa chai. Itakuletea orodha ya mitandao inayosikika. Namba za Tanzania huanza na 640: 64004 ni Vodacom, 64005 Airtel, 64002 iliyokuwa Tigo na sasa Yas, 64009 Halotel, 64007 TTCL. Orodha ikija tupu, modemu haisikii: rudi kwenye antena, au masafa hayalingani. Modemu ya SIM7600A-H, kwa mfano, imetengenezwa kwa Amerika Kaskazini na 4G yake ni bendi 2, 4 na 12. Ndugu akikutumia hiyo kutoka Marekani, mshukuru kisha tafuta SIM7600G-H, ambayo ni ya dunia nzima. Hakuna mpangilio wa programu utakaoiongezea bendi isizokuwa nazo.

Orodha ikija imejaa, na mtandao wako umo, lakini hali inasema `denied`, basi modemu inasikia vizuri ila inakataliwa mlangoni. Hapo ni laini au IMEI, namba ya utambulisho ya kifaa. Piga `*106#` kwa simu kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Baadhi ya laini za ofa za ruta pia zimefungwa kwa ruta yake, ukizihamisha hazikubali. Kwa IMEI, isome kwenye `mmcli -m any`, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090. TCRA ilizizima simu bandia Juni 2016, na modemu ya bei ya kutupa yenye IMEI ya sifuri tupu iko kundi hilohilo.

Simama hapa: usibadilishe IMEI. Amri ya kufanya hivyo utaionyeshwa na wajuaji, ni mstari mmoja tu. Ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Nikiletewa kifaa kwa kazi hiyo narudisha kama kilivyokuja.

Mnara umeshikwa, data hakuna

Bando. Nisamehe, lakini ndilo la kwanza, na nusu ya wanaokuja kwangu na dalili hii wana bando la dakika badala ya data, au la data lililoisha saa sita usiku.

La pili ni APN, jina la lango la data la mtandao wako. Usiibahatishe wala usiinakili kutoka maelezo ya nchi nyingine. Chukua simu yenye laini hiyohiyo, fungua mipangilio ya mtandao wa simu, soma APN ilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Kisha:

`sudo nmcli con add type gsm ifname '*' con-name data apn internet`

ukiweka ya kwako mahali pa `internet`, halafu `sudo nmcli con up data`. Hiyo nyota niliyoiweka ina sababu. Maelezo mengi husema uandike `ttyUSB2`, lakini modemu ikisimamiwa kwa QMI, mojawapo ya njia za kompyuta kuongea na modemu, NetworkManager huitambua kwa jina `cdc-wdm0`. Ukitaja jina lisilokuwepo, muunganisho unakaa unasubiri kifaa ambacho hakitakuja.

Ikisema `connected` na kurasa hazifunguki, jaribu kwa namba: `ping -I wwan0 8.8.8.8`. Namba zikijibu na majina yasijibu, shida ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Zikijibu namba na majina, lakini kivinjari kinalalamika kuhusu vyeti vya usalama, tazama saa. Kifaa kisicho na betri ya saa, ukitoa betri kuu, huamka kikiamini ni mwezi uliopita, na tovuti zote zinamwona muongo. `timedatectl` itakuambia.

Na ukiwa umeunganisha Wi-Fi isiyo na intaneti, ujue NetworkManager huipendelea Wi-Fi: uzito wake ni 600, wa modemu ni 700, na mdogo ndiye mkubwa. Zima Wi-Fi ujaribu tena.

Inashika, kisha inakata au kifaa kinazima

Sasa turudi Kibosho.

Mara ya tatu kijana aliniambia kitu ambacho alikisema tangu siku ya kwanza na mimi sikukisikia: "Fundi, huko juu simu yangu inapiga vizuri, na ni laini ileile." Basi nilipanda naye. Tulishuka chini kwenye mfongo, akatuma faili, nikaangalia skrini. 4G ikadhoofika, modemu ikahamia 2G, sekunde chache, giza.

Modemu kwenye 2G hutuma kwa vishindo. Kila kishindo ni kifupi mno, lakini kinaweza kuvuta hadi ampia 2. Mjini, karibu na mnara na kwenye 4G, haihitaji kupiga kelele hivyo. Bondeni inapaza sauti kwa nguvu zake zote, na betri dhaifu inainama. Volti zikishuka, kwanza modemu inapotea kwenye USB, na zikishuka zaidi kompyuta yote inazima. Ndiyo maana ugonjwa ulionekana kama wa mtandao: ulifuata mahali.

Kifaa chake kinatumia betri mbili za 18650, zile za lithiamu za mviringo. Ganda liliandikwa mAh 9900. Hakuna 18650 ya aina hiyo duniani. Zilizo bora huzunguka mAh 3500. Niliziweka kwenye mzani wa duka la jirani. 18650 halisi ina gramu kama 45 hivi. Hizi kila moja ilikuwa 31. Zikiwa hazina mzigo, mita ilisoma volti 4.1, safi kabisa, na ndipo nilipodanganyika mara mbili za mwanzo. Nilipozipa mzigo zilianguka hadi 3.1 papo hapo.

Kwa hiyo mpangilio wa kukagua ni huu. Betri kwanza, ukizipima zikiwa na mzigo. Halafu kebo na chaji, kama kifaa kinatumia umeme wa USB: kebo nyembamba ya kuchajia simu haifai. Soma `journalctl -b -1 -e`. Kumbukumbu zikikatika ghafla bila maneno ya kuzima, umeme ulikatika. Zikionyesha ModemManager inaanza upya huku kompyuta imebaki hai, ni modemu peke yake iliyokosa nguvu. Sababu za mbali zaidi ni joto na usingizi wa kifaa: kikilala na kuamka modemu ikapotea, zima usingizi kwa siku mbili uone.

Ukisubiri betri nzuri, unaweza kuizuia modemu isiende 2G:

`mmcli -m any --set-allowed-modes='3g|4g'`

Ni plasta, si dawa. Mahali penye 2G tu utakosa mtandao kabisa.

Simama hapa: betri iliyovimba, inayonuka, au iliyopasuka ganda haichajiwi, haibanwi, haitobolewi. Itoe nje ya nyumba. Na usichanganye betri mpya na ya zamani kwenye kifaa kimoja.

Madogo mengine

Ujumbe mfupi ukiacha kuingia huku data inaendelea, kumbukumbu ya laini imejaa. Orodhesha kwa `mmcli -m any --messaging-list-sms` na ufute ya zamani. Kuweka upya programu ya ndani ya modemu sikushauri kwa dalili yoyote kati ya hizi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, na huku kwetu unakatika, modemu hairudi.

Ukiamua kumpelekea fundi

Usiende na maneno "haifanyi kazi". Toa hivi kabla hujaondoka nyumbani, tatizo likiwa bado linaonekana:

`lsusb > ripoti.txt`
`mmcli -m any >> ripoti.txt`
`sudo dmesg | tail -100 >> ripoti.txt`
`journalctl -u ModemManager -b >> ripoti.txt`

Andika pia ulikuwa wapi, saa ngapi, betri ilikuwa na asilimia ngapi, na kama simu ya kawaida ilishika mtandao palepale. Ukitaka kuituma ripoti kwenye kundi la WhatsApp, futa kwanza mistari ya IMEI, IMSI (namba ya utambulisho ya laini) na namba yako ya simu.